Nyama nyekundu chini ya jicho la mwanangu: nisubiri iishe yenyewe?

Shikamoo daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Korogwe. Wa pili ni binti, amezaliwa njiti kwa kilo 1.9, na sasa ana wiki 10. Alipozaliwa uso wake ulikuwa safi kabisa. Kwenye wiki ya pili nikaona chini ya jicho la kushoto pana kibaka kilichopauka kuliko ngozi yake, ndani yake vijimstari vyekundu vyembamba. Nikadhani nimemkwaruza kwa kucha wakati wa kumwogesha. Kufika wiki ya nne kikaanza kuinuka. Leo ni kinyama chekundu, chenye vinundu kama forosadi, upana wake kama kidole gumba changu, na ngozi ya pembeni imevimba kwa rangi ya buluu. Akilia kinakoza. Jicho lile halifunguki lote.

Zahanati waliniandikia kwenye kadi neno "hemanjioma", wakaniambia si kitu, itaisha yenyewe, nimrudishe akitimiza mwaka. Nikarudi nyumbani roho imetulia. Wiki iliyofuata nikapita kwa mtu mwingine mwenye chumba cha tiba hapa mtaani, akasema ni jipu linaiva na akataka kulitumbua palepale. Nilimbeba mwanangu nikaondoka. Mama mkwe anasema nilijishika uso mwezi ulipopatwa nikiwa na mimba, na ameshaongea na mzee wa kuchanja. Jirani naye ananishauri nikanunue propranololi duka la dawa, ile ya presha, nikate vipande nimpe, eti mtoto wa ndugu yake alipona hivyo.

Kinachonivuruga zaidi ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana miaka 17. Ana uvimbe laini wa buluu mkononi, chini kidogo ya kiwiko, tangu yuko mdogo. Naye cheti chake kimeandikwa hemanjioma. Wa kwake miaka yote haujaisha, na siku hizi akiamka asubuhi unamuuma. Kama ugonjwa ni mmoja, huu wa binti yangu utaishaje? Ni saratani? Ni kitu cha ukoo wa mume wangu?

Mama wa Njiti, Korogwe

JIBU

Marahaba, mama. La haraka kwanza, mengine utayasoma ukiwa kwenye gari: usisubiri mwaka. Mpeleke mtoto wiki hii hospitali yenye daktari wa watoto na daktari wa macho.

Sababu ni hilo jicho lisilofunguka lote. Ubongo wa mtoto mchanga unajifunza kuona kwa kupokea picha kutoka macho yote mawili. Kope likivimba likafunika mboni, au uvimbe ukilisukuma jicho hadi kioo chake cha mbele kikapinda, ubongo unazoea kutumia jicho zima na kulipuuza lenzake. Ukilitazama jicho hilo huoni kasoro, kumbe limekuwa jicho vivu. Uvimbe unaweza kuja kunywea akiwa na miaka 4 na uoni usirudi wote. Kwa hiyo hata kama yule wa zahanati alipatia jina la ugonjwa, na nadhani alipatia, ushauri wake haukutazama mahali ulipo.

"Itaisha yenyewe" si maneno ya uongo. Hemanjioma ya watoto wachanga, yaani uvimbe wa mishipa midogo ya damu, ndiyo inayojulikana kwa tabia hiyo. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo husemwa kwa kila alama nyekundu au ya buluu iliyo mwilini mwa mtu, na ndiyo maana shemeji yako amebeba cheti chenye jina la ugonjwa ambao, kwa maelezo yako, hana.

Mkanganyiko huu ni wa miaka mingi, na haukuanzia Korogwe. Mwaka 1982, huko Boston, daktari mpasuaji John Mulliken na mtafiti Julie Glowacki walichunguza chembe zilizotanda ndani ya mishipa ya alama hizi wakazigawa makundi mawili. Kundi la kwanza ni vivimbe hasa: chembe zake zinazaliana, uvimbe unakua kwa kasi, halafu unapoa na kunywea. Kundi la pili ni mishipa iliyoumbika vibaya tangu tumboni. Hii haizaliani kwa kasi. Inakua pamoja na mtoto, inatanuka kadiri miaka inavyokwenda, na haiondoki yenyewe. Mgawanyo huo ndio msingi wa uainishaji unaotumiwa na madaktari wa dunia nzima leo. Miongo imepita, na bado katika vyumba vingi vya tiba makundi yote mawili yanaandikwa "hemanjioma".

Sasa, mtu anayatofautishaje? Mara nyingi mashine haihitajiki. Kinachohitajika ni tarehe. Barua yako imeshafanya nusu ya kazi, pengine bila wewe kujua. Alizaliwa uso safi. Wiki ya pili kibaka kilichopauka chenye vijimstari. Wiki ya nne kikainuka. Wiki ya kumi ni kinyama. Hakuna ugonjwa mwingine wa mishipa ya ngozi wenye kalenda hiyo kwa uaminifu namna ile. Hemanjioma ya wachanga hujitokeza wiki za mwanzo, hukua kwa kasi kuliko wakati wowote kati ya wiki ya 5 na ya 8, na kufikia miezi 3 nyingi zimeshamaliza takriban asilimia 80 ya ukuaji wake. Baada ya hapo kasi hupungua. Karibu na mwaka mmoja huanza kufifia kutoka katikati, wekundu ukigeuka kijivu, na sehemu kubwa ya kunywea huwa imekwisha kufikia miaka 4. Hata hivyo wengi hubakiwa na kitu: ngozi iliyolegea, mafuta chini yake, au vijimishipa vyekundu.

Tazama tarehe hizo tena, kisha ufikirie "mrudishe akitimiza mwaka". Akitimiza mwaka, mchezo umekwisha. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 unataka mtoto mwenye hemanjioma ya kutia wasiwasi aonwe na mtaalamu karibu na umri wa mwezi mmoja. Binti yako ana wiki 10, hajachelewa kiasi cha kukata tamaa, lakini kila wiki ina uzito wake.

Barua yako ina dalili nyingine pia. Binti, njiti, kilo 1.9. Hemanjioma huwapata watoto wa kike zaidi ya wa kiume, na uzito mdogo wa kuzaliwa ndio unaoongoza kwa kuongeza uwezekano. Utafiti mmoja wa Marekani ulikuta kila gramu 500 zinazopungua huongeza uwezekano kwa takriban asilimia 40. Mapacha nao wamo. Kupatwa kwa mwezi hakumo. Mwambie mama mkwe kwa heshima zake kwamba kibaka hiki hakikutokana na mkono wako kugusa uso, na kwamba wembe juu ya kinyama hiki ni damu isiyokatika haraka, kisha kidonda, kisha kovu, karibu kabisa na jicho. Jambo la kutumbua ni hilohilo. Jipu ni la moto, lina maumivu, mtoto hapendi liguswe, na huiva kwa siku chache. Chako kimechukua wiki sita. Ulifanya vyema kuondoka.

Daktari atakayemwona atatumia mikono kabla ya kitu kingine, na wewe unaweza kuanza nyumbani. Weka kiganja juu ya uvimbe kwa upole. Hemanjioma inayokua huwa na joto kidogo kuliko ngozi ya jirani, na ni ngumu kiasi kama mpira, si teketeke. Ikibonyezwa hupungua kidogo tu. Na hapa niseme neno kuhusu ngozi zetu. Picha nyingi za vitabuni ni za watoto weupe, wekundu unawaka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza kuonekana wa zambarau, wa kahawa iliyokolea, au usionekane kabisa kama uvimbe uko chini ya ngozi. Hiyo buluu ya pembeni uliyoieleza inaniambia binti yako ana sehemu ya juu na sehemu ya ndani pia. Kilichojificha chini ya kope huenda ni kikubwa kuliko unachokiona. Ndiyo maana kiganja na kalenda vinatusaidia sisi kuliko rangi.

Halafu mvue nguo zote mahali penye mwanga na umkague mwili mzima: kichwani ndani ya nywele, kwapani, mgongoni, sehemu za siri. Hesabu. Akiwa na vibaka vya namna hii 5 au zaidi, hata vidogo kama kichwa cha kiberiti, ini lake lipimwe kwa ultrasaundi, kwa kuwa hemanjioma huweza kuwa humo pia. Kama kipo kimoja kikubwa kilichotanda upande mzima wa uso, madaktari watataka kutazama ubongo, moyo na mishipa ya shingo. Kikitanda kiunoni, watatazama uti wa mgongo. Vikiwa eneo la kidevu na taya, pale wanaume wanapoota ndevu, na mtoto anakoroma au sauti imekauka, hiyo ni safari ya usiku huohuo, maana kingine kinaweza kuwa kwenye koo la hewa.

Msomaji mwingine asije akachanganyikiwa: yale mabaka ya buluu-kijivu matakoni na kiunoni ambayo watoto wetu wengi huzaliwa nayo hayahusu mishipa kabisa. Ni rangi ya ngozi tu na hufifia.

Ultrasaundi ya Doppler, inayoonyesha damu inavyotembea, ndiyo picha ya kwanza pale mikono inapobaki na shaka. Haiumi, haina mionzi, haihitaji kumlaza mtoto usingizi. Hemanjioma inayokua huonekana kama donge lenye mishipa mingi na damu inayokwenda mbio. Mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni, ikiumbika vibaya haina donge hilo, ni mabwawa yenye damu inayojikokota. Mishipa ya limfu, inayobeba majimaji ya mwili, huonekana vifuko vya maji visivyo na damu inayotembea. Na pale ambapo ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, imeungana moja kwa moja na vena, damu inakwenda kasi sana lakini donge halipo. Huo ukiugusa unahisi mtetemo, na ukiweka kifaa cha daktari cha kusikilizia unasikia mvumo. Mpimaji akiandika "hemanjioma" bila kusema kasi ya damu na kama kuna donge au hakuna, muulize. Una haki ya kuuliza.

Kukata kinyama kidogo cha kupima maabara hakuhitajiki kwa kisa kama chako. Hufanywa pale hadithi isipoingia akilini: uvimbe mgumu kama jiwe, ulioanza kukua mtoto akiwa ameshapita mwaka, au unaokua kwa kasi isiyofuata kalenda niliyokutajia. Baadhi ya saratani za utotoni za misuli na nyama laini huweza kujifanya hemanjioma. Maabara ina rangi maalumu ya kutafuta protini iitwayo GLUT1, ambayo hemanjioma ya wachanga inayo, kama kondo la nyuma lilivyo nayo, na mishipa iliyoumbika vibaya haina. Kwa swali lako la saratani jibu langu ni hili: hadithi uliyoniandikia si ya saratani, na hemanjioma haigeuki kuwa saratani. Daktari anayemshika ndiye atakayekuthibitishia.

Na uvimbe wa mtoto mchanga ukikaza ghafla, ukawa wa zambarau, ngozi ikaanza kuwa na michubuko au vidoa vya damu, usisubiri kliniki ya kesho. Kuna aina adimu inayomeza chembe sahani, zile zinazogandisha damu.

Propranololi, basi. Jirani hajakosea dawa, amekosea duka. Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jambo lililotokea bila kutarajiwa: mtoto mwenye hemanjioma ya pua alikuwa kwenye dawa za steroidi, moyo ukapata shida, wakampa propranololi kwa ajili ya moyo. Siku iliyofuata ule wekundu mkali ulikuwa umegeuka zambarau na uvimbe umelainika. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha watoto 60 katika kila 100 waliopewa miligramu 3 kwa kilo kwa siku, kwa miezi 6, walipona kabisa au karibu kabisa, dhidi ya 4 katika 100 waliopewa dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani. Leo ndiyo tiba ya kwanza.

Lakini ni dawa inayopunguza mapigo ya moyo, inashusha presha na sukari. Kwa njiti mwenye kilo chache, kipande cha kidonge kilichokatwa kwa wembe ni kubahatisha. Daktari atasikiliza moyo na mapafu, atapima uzito wa siku hiyo, ataanza na dozi ndogo na kuipandisha. Hupewa pamoja na kunyonya, kamwe tumbo tupu, na siku ambayo mtoto anatapika, hanyonyi, au anabanwa kifua kwa miluzi, dozi inarukwa na daktari anaarifiwa. Sukari ikishuka mtoto anakuwa baridi, anatoka jasho, analegea, huweza kupata degedege. Ukifika huko na mtoto amesinzia hutajua kama ni usingizi wa kawaida, ndiyo maana sitaki dawa hii itoke dukani kuja mkononi mwako bila mtu kati yenu. Na krimu za steroidi zinazouzwa ovyo za kujipaka uso usimpake pale.

Shemeji yako sasa. Yeye si ndugu wa ugonjwa huu. Uvimbe laini, wa buluu, wa tangu utotoni, ambao haukuwahi kunywea, kwa kijana wa miaka 17: hemanjioma ya wachanga ingekuwa imeshafifia zamani. Naona zaidi mishipa ya vena iliyoumbika vibaya. Mjaribu hivi: aninginize mkono chini kwa dakika chache, kisha auinue juu ya kichwa. Ukijaa akiushusha na kunywea akiuinua, ni vena. Ubonyeze, utanywea na kujaa tena polepole. Ukihisi vijipunje vigumu ndani, ni damu iliyoganda ikawa mawe madogo, nayo huonekana kwenye eksirei kama duara ndogondogo. Maumivu ya asubuhi hutokana na damu iliyolala na kuganda usiku. Ukiwa wa moto na unadunda kama mapigo, hiyo ni hadithi nyingine, ya ateri, na asiruhusu mtu yeyote auguse kwa kisu bila picha.

Kuhusu ukoo: nyingi za vena hizi hutokea kwa mtu mmoja katika familia, kwa badiliko la jeni lililoingia kwenye sehemu moja tu ya mwili wakati wa kuumbwa. Halikutoka kwa babu, na halikuhamia kwa binti yako. Ni watu wawili wa nyumba moja wenye magonjwa mawili tofauti, walioandikiwa jina moja. Ila kama wapo ndugu wengine wenye vivimbe vya buluu ngozini, au shemeji ana zaidi ya kimoja, hilo alitaje, maana zipo aina chache zinazorithiwa.

Kwa watu wazima wanaosoma hapa, onyo moja. Mabaka ya zambarau au meusi yanayojitokeza ukubwani miguuni, kwenye kaakaa au usoni si alama za kuzaliwa zilizochelewa. Kaposi sakoma, saratani inayoambatana sana na VVU, ipo sana ukanda wetu. Pima VVU na uonwe.

Kwa wewe wa Korogwe, barabara ya kwenda Moshi iko wazi. Hospitali ya KCMC ina madaktari wa watoto, wa macho, na kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika eneo moja. Hospitali ya Bombo, Tanga, ni karibu zaidi kwa kuanzia na kupata barua ya rufaa. Usikubali tarehe ya mwezi ujao, sema neno "jicho halifunguki". Beba kadi ya kliniki yenye uzito wake wote. Beba na simu: pekua picha ulizompiga tangu anazaliwa, hata zile za kumtumia bibi, uzipange kwa tarehe. Daktari mzuri atazitaka kabla hajataka kipimo chochote.

Shemeji aende hospitali ya rufaa kwa idara ya upasuaji, na aombe ultrasaundi ya Doppler, ikibidi MRI. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wapo madaktari wa radiolojia wanaotibu kwa sindano huku wakiangalia picha, na vena za namna hii mara nyingi hutibiwa hivyo, kwa dawa ya kuzinyausha kutoka ndani, kwa awamu. Vidonge vya propranololi havitamsaidia. Wakati anasubiri, soksi ya kubana ya mkono inapunguza maumivu. Na kabla ya kung'olewa jino au upasuaji wowote aseme ana uvimbe huu, apimwe kwanza kuganda kwa damu, kwa sababu ile inayoganda na kuyeyuka kila usiku mkononi huweza kumaliza vigandishaji vya mwili mzima bila yeye kujisikia vibaya.